Ejenti wa tiketi na yale aliyokuwa anayajua dada wa kaunta peke yake

Simu iliingia saa mbili kasoro asubuhi. Mama mmoja yuko Korogwe, anasema jana jioni alikata tiketi kwa kuchati na namba yetu ya WhatsApp, tiketi imekuja moja ila hela imekatwa mara mbili, na meseji za makato zimefuatana hazijapishana hata dakika. Hakufoka. Aliuliza tu, "mwanangu, hii ya pili nimemlipia nani?"

Hela yake ilirudishwa siku hiyohiyo, hilo halina mjadala. Ila lile swali lilinikaa kichwani maana sikuwa na jibu, nikafungua logi, ile kumbukumbu ya kila hatua mfumo uliyofanya, nikaanza kusoma mstari kwa mstari, na nilichokikuta humo ndo kimenifanya niandike kisa chote toka mwanzo, kwa sababu naona watu wengi sasa hivi wanaunganisha mifumo yao na AI na wanajikwaa palepale tulipojikwaa sisi.

Mazingira kwanza. Ni kampuni ya mabasi, jina naliacha, mabasi yake yanatoka Dar kwenda Moshi na Arusha. Ilishakuwa na mfumo wa tiketi za mtandao, wenye API (mlango ambao programu nyingine zinapitia kuongea na mfumo) iliyoandikwa na mtu mwingine miaka ya nyuma kwa ajili ya makarani wa kaunta na app ya simu. Sisi ni watu watatu, tukapewa kazi ya kuweka ejenti wa AI mbele ya huo mfumo, abiria aandike Kiswahili chake cha kila siku, ejenti atafute basi, aweke siti, aanzishe malipo, atume tiketi. Nasema ejenti na sisemi wakala kwa makusudi, maana pale stendi ya Magufuli Mbezi ukisema wakala kila mtu anaelewa mkata tiketi wa kamisheni au yule wa kibanda cha kutolea hela, nisije nikawachanganya.

Kwa ambaye hajawahi kuijenga, inakuwa hivi. Modeli ya lugha, ile AI yenyewe inayosoma na kuandika ndani ya ejenti, haioni programu yako kwa ndani. Kila zana unayompa, yaani kazi moja anayoweza kuiomba kwenye mfumo, unamtajia jina lake, unamwandikia maelezo yake, na unampa orodha ya vitu inavyohitaji ili ifanye kazi, ile skima ya JSON, basi. Iwe ni kuita fankisheni kama ilivyokuja mwaka 2023 au iwe MCP, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha AI na zana ambao Anthropic, kampuni ya AI, waliutoa Novemba 2024, msingi ni huohuo. Yaani kila anachokijua ejenti kuhusu mfumo wako ni yale maneno uliyoandika pale. Hana mwenzake dawati la pili wa kumuuliza "hivi hii inakuaje", hana ile wiki ya kwanza kazini ya kuonyeshwa, na mazungumzo mapya yakifunguka anaanza tena kama mgeni.

Sasa logi ya yule mama. Ejenti aliita zana ya malipo, zana ikajibu neno moja, PENDING, yaani inasubiri. Baada ya sekunde kadhaa ejenti akaandika kwenye mawazo yake kwamba malipo hayajakamilika, akaita tena zana ileile kwa kiasi kilekile. Pushi mbili, zile meseji za kukuomba uweke namba ya siri ili ulipe, zikaenda kwenye simu ya mama, mama akaweka namba ya siri kwenye ya kwanza, ikatokea ya pili akadhani ya kwanza imegoma, akaweka tena. Tiketi ilitoka moja kwa sababu siti ilikuwa moja. Kila mmoja hapo alifanya kitu chenye akili kwa kile alichokuwa anakiona, mama na ejenti wote wawili.

Nikaenda kusoma maelezo tuliyompa ejenti kuhusu hiyo zana. Yalikuwa mstari mmoja wa Kiingereza tulioukopi kutoka kwenye dokumentesheni ya zamani ya API, maana yake ni "huanzisha malipo, toa simu, kiasi, rejea". Hamna sehemu inasema kwamba "inasubiri" ni hali ya kawaida. Hamna sehemu inasema kwamba kuiita mara ya pili ni kutuma pushi ya pili. Namba ya simu ianze na sifuri au ianze na 255, hamna. Rejea ni ya nini, hamna.

Kosa letu la kwanza baada ya hapo, na hili nalisema kwa uzito maana lilitupotezea karibu wiki mbili, tulikimbilia prompti kuu, yale maagizo ya jumla anayopewa ejenti kabla ya mazungumzo. Tukaongeza mstari, "usiite malipo mara mbili". Siku mbili baadaye likatokea la saa tukaongeza aya nzima kuhusu saa, likatokea la vituo tukaongeza vituo, mpaka ile prompti ikawa ndefu kama mkataba wa nyumba na ukirekebisha hapa kunaharibika kule. Abiria mmoja pushi yake ilikufa kweli, simu ilizimika chaji, akaomba atumiwe tena na ejenti akakataa, kwa sababu tumemwambia usiite mara mbili. Tulimpa katazo bila kumpa sababu, na mtu asiyejua sababu ya katazo hawezi kujua lini linaisha.

Kipindi hichohicho mwenzangu mmoja akatuletea makala ya Anthropic ya Desemba 2024 kuhusu kujenga ejenti, wanaeleza walipokuwa wanatengeneza ejenti wa kurekebisha programu kwa ajili ya kipimo cha SWE-bench walitumia muda mwingi kwenye zana kuliko kwenye prompti yenyewe. Mfano wao ni mdogo ila umenifundisha sana: modeli ilikuwa inakosea njia za mafaili ikishahama kwenye folda la mwanzo, hawakuikanya, walibadilisha zana idai njia kamili ya faili kila mara, na kosa likakoma. Hapo ndo tukageuza uso. Tukaacha kumfokea ejenti tukaanza kuangalia kile tulichomkabidhi mkononi.

Ila dokumentesheni ya kuandika tutaitoa wapi? Tuliyokuwa nayo ilieleza databesi, haikueleza kazi. Na aliyeiandika hayupo. Nikaomba ruhusa nikae kaunta siku tatu nyuma ya dada anayekata tiketi, ana miaka mingi pale, nikawa na daftari tu sigusi kompyuta. Na hapa ndo penye kiini cha kisa chote, kwa sababu yule dada alikuwa anatumia mfumo uleule, vitufe vilevile ambavyo ejenti wetu anaviita kwa nyuma, na hakosei. Tofauti yao ilikuwa ni mambo kama mia hivi ambayo yako kichwani kwake na hayakuwahi kuandikwa popote kwa sababu kila aliyeajiriwa pale aliambiwa kwa mdomo.

Siku ya kwanza tu, saa moja ya kwanza. Abiria anasema nipe siti moja Same. Dada anafungua safari ya Arusha, anakata, anaandika pembeni anashukia Same. Nikamuuliza mbona kwenye mfumo hakuna Same? Akaniangalia, "kaka, Same si njiani? Mfumo unajua mwanzo na mwisho, Mombo na Same na Mwanga zote ni gari ya Moshi Arusha, unaandika tu anaposhukia ili konda ajue." Mimi nilikuwa na logi ya abiria aliyeandika "naomba siti moja same kesho asubuhi", kwa herufi ndogo, na ejenti akaichukua ile "same" kama neno la Kiingereza lenye maana ya "ileile", akaenda kumtafutia tiketi kama ile aliyokata mwezi uliopita, ya kwenda Arusha. Alikuwa sahihi kwa bahati, basi ni lilelile, lakini tiketi ikaandikwa Arusha na konda hakuwa na habari ya kumshusha mtu Same. Kwenye maelezo yote tuliyompa hapakuwa na orodha ya vituo vya njiani, ejenti angejuaje kwamba Same ni mji?

Kuhusu malipo dada alisema maneno ambayo nimeyaweka kwenye zana karibu vilevile: pushi ikishatoka unamwambia abiria aangalie simu yake, unasubiri, hubonyezi tena, ukibonyeza inaenda nyingine. Ikipita kama dakika mbili hajajibu unaangalia kwanza hali ya ile ya mwanzo, ikisema imekufa au amekataa ndo unatuma mpya, na unamwambia kabisa kwamba hii ni mpya ile ya kwanza aipuuze.

Haya ndo maelezo mapya ya ile zana tuliyoipa jina anzisha_malipo, nayaweka kama yalivyo (namba_ya_ombi ni namba ya kutambulisha ombi moja la malipo, angalia_malipo ni zana ya kuangalia hali yake):

"Hutuma pushi ya malipo kwenye simu ya abiria ili aweke namba ya siri. Itumie baada ya siti kushikiliwa na abiria kukubali nauli. Kila ukiiita kwa namba_ya_ombi mpya pushi mpya inatumwa na abiria anaweza kulipa mara mbili, kwa hiyo kwa siti ileile tumia namba_ya_ombi ileile. Jibu la kawaida ni INASUBIRI, maana yake abiria bado hajaweka namba ya siri, siyo kosa. Mwambie aangalie simu yake, kisha tumia angalia_malipo. Ukipata IMEKUFA au AMEKATAA, na abiria anataka kujaribu tena, hapo ndo omba namba_ya_ombi mpya. Simu iandikwe kwa kuanzia 255 bila alama ya kujumlisha; abiria akiandika ya kuanzia sifuri, ondoa sifuri uweke 255."

Ni refu ukilinganisha na ule mstari mmoja, ndiyo. Lakini angalia kila sentensi inafanya nini, inamwambia lini atumie, nini kitatokea kwa mtu wa upande wa pili, jibu lina maana gani, na hatua inayofuata ni ipi. Na hatukutegemea maandishi peke yake, ile namba_ya_ombi tuliiwekea ulinzi kwenye seva, ikija mara mbili seva inarudisha hali ya ombi la kwanza na haitumi pushi nyingine. Jambo la hela usiliache mikononi mwa maelezo tu hata yawe mazuri kiasi gani. MCP nayo ina alama za kuonyesha kwamba zana hii inasoma tu, hii inaharibu kitu, hii ukiirudia haina madhara, tumeziweka, ila zenyewe ni vidokezo, ulinzi wa kweli unakaa seva.

Tuliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja kubwa. Modeli inaelewa lugha zote mbili vizuri tu kwa kazi hii, lakini dada wa kaunta haandiki Kiingereza cha mainjinia, na yeye ndo anajua pakikosewa. Maelezo yakiwa Kiswahili anayasoma na kuyasahihisha mwenyewe. Alifanya hivyo siku ya kwanza, alikuta tumeandika "siti ikishahifadhiwa" akasema hapana, kuhifadhi na kushikilia ni vitu viwili, kushikilia ni dakika kumi na tano kisha siti inaachiwa, kuhifadhi ni ukishalipa. Mainjinia watatu tumeshinda na huo mfumo miezi tulikuwa hatujaliona hilo.

Sasa saa. Hili nataka nikae nalo kidogo kwa sababu sidhani kama kuna dokumentesheni ya nje itakuja kukuambia, ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili. Zana ya zamani ya kutafuta safari ilikuwa na fildi, yaani sehemu ya kujaza, inaitwa time, aina yake maandishi, basi. Abiria anaandika "basi la saa kumi na mbili asubuhi", ejenti anajaza 12:00, mfumo unamletea basi la mchana. Mwingine "saa tatu usiku", ejenti anajaza 03:00. Modeli inajua kabisa kwamba saa za Kiswahili zinahesabiwa toka macheo, ukiiuliza inakueleza vizuri, ila katikati ya kazi, ikiona fildi inaitwa time na haijasemwa ni saa ya namna gani, mara inageuza mara haigeuzi. Hiyo mara inageuza mara haigeuzi ni mbaya kuliko kukosea kila siku, maana ukitesti mara tano inapita halafu inakosea kwa abiria wa sita.

Tulichofanya mwanzo ni kuandika "geuza saa ya Kiswahili kwenda saa 24". Ikapungua haikuisha. Kisha tukajiuliza kwa nini tunamfanyisha hesabu wakati hesabu kompyuta inaijua? Tukavunja ile fildi mbili: saa_aliyoitaja, namba vilevile abiria alivyoitaja, na kipindi, ambacho lazima kiwe kimojawapo cha alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, au AM/PM kama abiria mwenyewe kaandika hivyo. Kugeuza kunafanywa na msimbo wetu. Kumi na mbili asubuhi inakuwa 06:00, tatu usiku 21:00, kumi na moja alfajiri 05:00. Ejenti kazi yake imebaki kusikiliza abiria kasema nini na kukiweka mahali pake, na hicho anakiweza sana.

Zikabaki zile zenye utata wa kweli. Mtu akiandika "saa 6 asubuhi" anamaanisha nini, maana saa sita ya Kiswahili ni mchana au usiku, hakuna saa sita asubuhi, kwa hiyo huyu karibu hakika kasoma simu yake na anataka 06:00. Na "saa 11 asubuhi" je? Anaweza kuwa anataka basi la alfajiri la kumi na moja au anataka 11:00, na yote mawili yapo kwenye ratiba. Dada nilimuuliza wewe unafanyaje, akasema "namuuliza, la kwanza kabisa alfajiri au la kuelekea mchana?" Basi zana ikiona mchanganyiko wa namna hiyo hairudishi safari, inarudisha swali la kumuuliza abiria, kwa maneno ya dada. Na pasipokuwa na kipindi kabisa, mtu kaandika "saa 2" tu, hivyohivyo.

Leo na kesho nayo ilikuwa na lake. Ejenti hajui leo ni tarehe ngapi mpaka umwambie, na seva yetu ilikuwa inamwambia kwa saa za UTC, zile saa za kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo mtu anayechati saa nane usiku alikuwa anaambiwa "kesho" ambayo kwake ni leo tayari. Tumerekebisha, kila jibu la zana sasa linakuja na tarehe ya leo kwa saa za Dar pamoja na jina la siku, na kwenye maelezo tumeandika kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo kila moja ni siku ngapi mbele. Kuna mzee aliandika mtondogoo, kweli kabisa, na alipata basi lake.

Nije kwenye majibu ya zana, maana watu wanadhani dokumentesheni ni yale maelezo ya juu peke yake na wanasahau kwamba jibu la zana nalo ni maandishi anayoyasoma ejenti, tena anayasoma wakati anahitaji msaada zaidi. Mfumo wa zamani ukikosewa ulirudisha "400", namba ya kusema ombi lina kosa. Tu. Ejenti akipata 400 anafanya kile mtu yeyote angefanya gizani, anabadilisha kitu kimoja anajaribu tena, anabadilisha kingine anajaribu tena, nimeona logi ya majaribio tisa mfululizo abiria akiwa anasubiri. Siku nyingine mfumo unarudisha orodha tupu, na hiyo ni hatari zaidi. Orodha tupu inaweza kuwa hakuna basi, au mabasi yamejaa, au jina la kituo limekosewa, ejenti anachagua tafsiri moja na kumwambia abiria kwa uhakika kabisa kwamba siku hiyo hakuna usafiri. Tulipoteza abiria hivyo, walikwenda kampuni nyingine na basi letu likaondoka na siti wazi.

Watu wa chuo cha Princeton waliotengeneza SWE-agent, ejenti wa kurekebisha programu, mwaka 2024 waliligundua hili mapema kwenye upande wa programu. Zana yao ya kuhariri faili ikipewa msimbo wenye kosa la kisintaksia inaukataa palepale na kuonyesha kosa liko wapi, na amri ikifanya kazi bila kutoa chochote wanamwambia ejenti kwa sentensi kamili kwamba amri imefanikiwa na haikuwa na cha kuonyesha, hawamuachi na ukimya. Sisi tuliiga wazo. Sasa hivi kituo kikikosewa jibu linasema: "Kituo 'Moshii' hakipo. Vilivyo karibu kwa jina: Moshi, Mombo. Muulize abiria kama haijulikani." Mabasi yakijaa linasema: "Mabasi ya siku hiyo yapo 3, yote yamejaa. Siti zipo siku inayofuata, basi la saa kumi na mbili asubuhi." Kila kosa tulilipitisha kwa dada, tukamuuliza hili likitokea wewe ungemwambia nini mgeni aliyekaa hapo leo mara ya kwanza, na jibu lake ndo likawa meseji.

Idadi ya zana sitakaa nayo sana. API ilikuwa na njia kumi na nne, tulizibeba zote zikawa zana kumi na nne, tatu kati ya hizo zilikuwa zinatafuta safari kwa namna zinazofanana mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nachanganya ipi ni ipi. Tumebakiza tano: tafuta_safari, shikilia_siti, anzisha_malipo, angalia_malipo, ghairi_tiketi. Jaribio nililokuwa natumia ni kumsomea dada majina mawili na kumuuliza ungetumia ipi, akisita moja inakufa au zinaunganishwa.

Na ukubwa wa majibu. Kutafuta safari kulikuwa kunarudisha ramani nzima ya siti za kila basi, kila siti na namba yake ndefu ya ndani ya databesi, safu na safu. Ejenti anasoma vyote hivyo ndo afike kwenye nauli, mazungumzo yakirefuka alichosema abiria mwanzoni kinazama, "nina mtoto wa miaka mitatu" imeshapotea. Sasa anapata jina la safari, saa, nauli, siti ngapi ziko wazi, na ngapi za dirishani. Zile namba ndefu tumezitoa kabisa, basi linaitwa "Arusha-0600-Ijumaa" na siti inaitwa B3 kama ilivyoandikwa kwenye kiti. Kabla ya hapo ejenti alikuwa anakosea herufi moja katikati ya namba ya herufi thelathini na sita halafu anashangaa siti haipo, ila B3 hajawahi kuikosea.

Kutesti tulifanya kwa meseji arobaini za abiria wa kweli, tumefuta majina na namba za simu, tumeacha makosa yao ya uandishi kama yalivyo. Kila tukibadilisha maelezo tunazipitisha zote, na tunasoma logi zote kwa macho, mwanzo mpaka mwisho, siyo kuangalia tu kama tiketi imetoka. Narudia hili la kusoma kwa sababu najua linavyochosha. Mara nyingi tiketi inatoka sawa lakini ukisoma njiani unakuta ejenti alikisia, na kilichokisiwa leo kikatoka sawa ni bagi, kosa la programu, inayokusubiri. Kila alipokisia tulijiuliza, hapa dada angejua kwa nini? Na sababu ya dada ikaenda kwenye maelezo.

Lipo moja halijaisha. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, tuna safari zinazoondoka saa tatu na saa nne usiku, na watu wanaandika "usiku wa Ijumaa". Kwa dada, ambaye kwao ni Tanga, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likishazama, ndivyo alivyokua akisikia. Kwa mwenzangu wa Mbeya usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe jioni ikishaisha. Wote wako sahihi na abiria wetu ni wa kwao wote wawili. Tulijaribu kuandika kanuni, tukaandika ya pili, kisha dada akachukua kompyuta akaandika mwenyewe kwenye maelezo ya tafuta_safari: "Akisema usiku wa siku fulani usichague. Muulize: usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa usiku wa kuamkia Jumamosi?" Juzi nimeliona kwenye logi, abiria akajibu "kuamkia Ijumaa dada asante", akapata basi la Alhamisi saa tatu usiku, siti B3.

Upande wa mizigo hatujaugusa. Huko kuna mzee anapima kwa macho, anajua kiroba cha mchele kinalipiwaje na godoro linalipiwaje na kipi hakipandi basi kabisa, na kwenye mfumo kuna fildi moja tu inayosema uzito. Jumatatu nakwenda na daftari kukaa naye.